Mkono wa Pontiani

Consolée alikuja kumwomba mume wangu awe baba kwa siku moja. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi kikali, na alileta sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, iliyofunikwa kwa kitambaa safi, ingawa alijua kwetu hadaiwi sahani ili asikilizwe.

Consolée ni mjane wa Uvira, Kongo. Alivuka na binti yake Vestine wakati wa vita, akapanga chumba mtaani kwetu hapa Rumonge, akawa anaanika ndagala na kuuza kando ya barabara. Alisali kanisani kwetu. Hakuwa na kaka wala shemeji upande huu wa ziwa. Vestine alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa Bugarama, jina lake Aristide, na ukoo wa Aristide ulikuwa unashuka Jumamosi kuleta mahari. Siku kama hiyo, upande wa msichana lazima akae mwanamume wa kujibu maneno.

"Muzee Pontiani," akasema, "mimi sina mutu. Nikikaa mimi mwanamuke mbele yao, watasema wamekuja kuoa mu nyumba haina nguzo."

"Nguzo yenyewe imeliwa na mchwa," Pontiani akasema, akijipiga goti. "Lakini nitasimama. Wasiniegemee tu."

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tuliporudi kutoka Ulyankulu, Tanzania, tulikokaa ukimbizini zaidi ya nusu ya maisha yetu, alipata kazi ya kuchemsha na kukamua mawese upande wa Kigwena, akaifanya mpaka mgongo ulipokataa. Kanisani hakuwa na cheo. Yeye alichimba makaburi na kubeba majeneza. Mwenye cheo nilikuwa mimi. Nilikuwa shemasi wa kike, ninayeosha vikombe vya Meza ya Bwana na kupiga pasi kitambaa cheupe. Kila Jumapili ya Meza nilipita mbele ya watu wote nikiwa nimeshika sinia, na nilipenda kupita.

Mzee wa ukoo wa Aristide, Ndayisaba, alituma habari mapema. Fanta watakunywa, lakini maneno ya kwao hayafunguliwi kwa Fanta. Wanataka chungu cha pombe ya ndizi, kama baba zao. Kanisa letu linakataza hata kukaa mahali penye pombe. Consolée alizunguka siku mbili akitafuta njia nyingine, hakuipata, akaazima chungu.

Jumamosi ile nilikuwa jikoni na wanawake, na mlango wa jikoni ulitazama moja kwa moja walikokaa wanaume. Desturi ya hapa kila mtu anaijua. Mwenye nyumba huonja kwanza, ili wageni waone hakuna sumu. Kwa nyumba ya Consolée jambo hilo lilikuwa zito zaidi, maana kule milimani kuna watu wanaosema wanawake wa ng'ambo wanajua kuroga. Chungu kikawekwa katikati. Ndayisaba akaweka mikono juu ya fimbo yake, akangoja. Consolée, pale karibu nami, alikuwa ameshika mwiko na hakuwa anakoroga kitu.

Pontiani aliinama, akaweka mrija mdomoni, akahesabu kama pumzi mbili. Akainuka. Akatoa kitambaa cha mfukoni, akakiweka mdomoni kama mtu anayejipangusa, akatema humo. Mimi nilimwona. Kitambaa chenyewe nilikifua mimi.

"Karibuni," akasema. "Nyumba hii ni yenu."

Wakanywa. Vestine akaolewa.

Lakini kulikuwa na mtu mwenye simu. Picha ya Pontiani na mrija mdomoni ilifika kwa Éphraïm, mzee wa kanisa, kabla hatujamaliza kula wali. Éphraïm ni mfanyabiashara wa mawese, mtu mwenye sauti. Baba yake alipofariki wakati wa mvua kubwa, kaburi lilijaa maji mara mbili, na Pontiani ndiye aliyeingia na ndoo kulikausha. Sisemi hivyo kumsema vibaya. Nasema kwa sababu Pontiani mwenyewe hakuwahi kumkumbusha.

Jumanne wakamwita katika chumba cha nyuma ya kanisa. Mimi na Benedicte, shemasi mwenzangu, tulikaa kwenye kizingiti, na mlango ulikuwa wazi.

"Ulikunywa?" Éphraïm akauliza, akimwonyesha simu.

"Niliweka mrija mdomoni. Ulimi uliloa. Sikumeza."

"Ulimi wa mutu uko wapi, muzee? Si mu kinywa? Na pombe ikishaingia mu kinywa tunaiita nini? Maji?"

Wengine wakacheka.

"Basi mimi kila asubuhi nakula dawa ya meno," Pontiani akasema.

Mchungaji Hubert hakucheka. Ni kijana bado, amesoma, na ana upole wake. "Mzee," akasema, "hakuna anayekutakia mabaya. Jumapili usimame mbele, useme: nilikunywa pombe, naomba msamaha. Ni dakika mbili. Tunakupa mkono, tunaendelea."

"Niseme nilikunywa?"

"Ndiyo."

"Nitadanganya ndani ya nyumba ya Mungu, mchungaji, ili nipokelewe ndani ya nyumba ya Mungu. Hiyo mtanisaidiaje?"

"Na kukaa na walevi?" Éphraïm akasema. "Hata hilo si kitu?"

"Kwa ajili ya yule msichana sina la kutubu. Nisingekaa pale, angerudi ndani na gauni lake, hajaolewa."

Éphraïm akageuka mlangoni. "Mama Agneta, wewe siku ile ulikuwa jikoni, ao si vile?"

"Nilikuwa jikoni," nikasema.

"Kwa hiyo hukuona kitu."

Alinitazama kidogo, kwa huruma. Nilijua maana yake. Nikisema nimeona, basi na mimi nilikaa penye pombe, na vikombe vingepewa mtu mwingine. Nikanyamaza. Akachukua kunyamaza kwangu kama jibu, na Pontiani, aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, alitazama viatu vyake.

Wakamweka nyuma. Kwetu hilo lina maana yake. Anayewekwa nyuma hukaa kwenye benchi la mlangoni, haikaribii Meza ya Bwana, hasalimiwi ndani ya kanisa, hatajwi katika maombi. Akifa akiwa bado huko, kanisa halimziki. Haji mchungaji, haji kwaya, hakuna kitambaa juu ya jeneza. Na hatoki huko mpaka aseme maneno anayotakiwa kusema.

Njiani kurudi nilikuwa naogopa ataniuliza. Tulipita wanawake wanaogeuza ndagala juu ya nyavu, tukapita soko, hakuniuliza. Karibu na nyumbani akasema, "Jumapili ukae tu kule mbele. Magoti yako yanauma, na benchi la nyuma halina pa kuegemea."

Nikakaa mbele. Jumapili baada ya Jumapili niliingia kwa mlango ule ule alikokaa mume wangu, nikapita mbele ya miguu yake bila kumwangalia, kama kanuni inavyosema. Na Jumapili za Meza nilibeba sinia. Tukifika nyumbani ananiuliza, "Leo mkate ulikuwa mlaini?" Hakusema kwa kunichoma. Alitaka kujua kweli, maana alikuwa ameukosa.

Mwezi wa tisa tumbo lake likaanza kuvimba. Daktari alisema ni ini, kijidudu cha damu, pengine alikuwa nacho tangu ujana. Akatuandikia karatasi yenye kusema hivyo. Nilimpelekea mchungaji karatasi ile, naye akaisoma mpaka mwisho na kusema pole. Éphraïm akasema karatasi haikuwa pale penye chungu. Kwenye bomba la maji wanawake hawakushusha hata sauti niliposogea. "Tumbo limejisemea lenyewe," mmoja akasema. "Ini la mutu asiyekunywa linavimba na nini? Na Fanta?"

Miguu yake iliposhindwa, jirani yetu Aruna, Mwislamu, fundi wa mitumbwi, akawa anamsukuma kwa baiskeli kila Jumapili hadi mlango wa kanisa. Anamshusha, anamkalisha, anakwenda kungoja nje kivulini.

"Aruna," watu walimtania, "kwa kumleta huku utaokoka bila kujua."

"Mimi ni mchukuzi," akajibu. "Mzigo hauna dini."

Na kweli alikuwa akimshika chini ya makwapa kama unavyoshika kitu kinachoweza kuvunjika. Kulikuwa na wengine. Vestine alishuka kutoka Bugarama kila baada ya wiki mbili, akamkata kucha za miguu, kazi ambayo mimi macho yangu hayaiwezi tena. Mchungaji Hubert alituma mara moja mafuta ya kupaka, akamkataza aliyeyaleta asiseme yametoka kwa nani. Nilitambua chupa.

Nyumbani Pontiani alikuwa anaomba asubuhi kwa sauti, na kila asubuhi alimtaja Éphraïm kwa jina, yeye na watoto wake na biashara yake. Siku moja nilichoka nikamwambia, nikimwita kwa jina la binti yetu, "Baba Beatrisi, huyo mtu anakuua. Unamwombea mawese?"

"Nikiacha nitaanza kumchukia," akasema. "Na huo sasa ndio utakuwa ukweli wa kutubu, na muda wenyewe sina."

Mimi nilikuwa nimeomba maisha yangu yote. Nilijua mafungu ya Biblia kwa moyo, nilifunga kula, niliongoza wanawake. Lakini nilipomsikiliza kwenye mkeka wake niliona kwamba mimi nilikuwa nimekaa miaka hii yote ukingoni mwa maji nikiosha vyombo, na yeye alikuwa ameshaingia na maji yanamfika shingoni.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa chuma. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja alilia mbele yangu. "Nimewabeba wafu wao wote," akasema. "Watoto wao nimewabeba mikononi. Nataka na mimi waniimbie, mama Beatrisi. Nenda ukawaombe waje."

Nilikwenda. Nilipiga magoti mbele ya mchungaji, mimi na magoti haya. Akasema watakuja.

Walikuja Alhamisi mchana, baada ya mvua, watatu: mchungaji, Éphraïm na Benedicte. Wakati huo ilikuwa siku ya pili Pontiani hawezi kusema. Lakini alikuwa anasikia. Asubuhi ile nilimuuliza kama anataka maji, akaminya mkono wangu. Nilimuuliza kama nimgeuze, akaminya tena.

Wakaomba. Kisha mchungaji akainama karibu na sikio lake, akasema polepole, "Mzee Pontiani, ni Hubert. Tumekuja kukurudisha. Kama unakiri kwamba siku ile ulikunywa pombe, na unaomba msamaha, minya mkono wa mama."

Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wangu. Tulingoja. Nje mtu alikuwa anachanja kuni. Mkono ulikaa kimya, wa moto, na mzima.

Mchungaji akarudia, neno kwa neno.

Hakuminya.

Éphraïm akainuka, akaanza kutafuta kofia yake. "Amekataa mwenyewe," akasema. "Tusimlazimishe mutu. Tumefanya kazi yetu."

Niliona kaburi bila mtu wa kuimba. Nilimwona Aruna na rafiki zake wawili wakimshusha kimya kama wanazika mgeni. Nilikumbuka alivyolia.

"Ameminya," nikasema.

"Ameminya?" mchungaji akauliza.

"Ameminya sasa hivi."

Benedicte akasema haleluya na kuanzisha wimbo. Mchungaji alikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Akatoa kifurushi chake kidogo, akachovya mkate katika divai, akauweka kwenye midomo ya Pontiani. Midomo haikufunguka. Mkate ulikaa pale ukateremka kwenye ndevu, nikaupangusa kwa kidole.

Ndipo Pontiani alipofungua macho, akanitazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia njia aliyokuja nayo. Akavuta mkono wake kutoka kwenye wangu, taratibu, kwa nguvu zake zote zilizobaki, akauingiza chini ya shuka.

Aliishi mpaka Jumamosi asubuhi. Vestine alikuja, na Pontiani akanywa maji kutoka mkononi mwake. Aruna akamwinua, akamwachia. Mimi nilipoingiza mkono chini ya shuka kumtafuta, alikuwa amekunja ngumi. Nilimwambia, "Nilitaka wakuimbie." Alifumba macho. Alifariki hivyo, na mkono sikupewa.

Walimwimbia. Kwaya yote ilikuja na sare zao, kitambaa cheupe kilikuwa kile nilichokipiga pasi mwenyewe, na makaburini, juu ya mashamba ya michikichi, walikuwa watu wengi kuliko siku ya baba yake Éphraïm. Nilifikiri, basi angalau hili amelipata. Ndipo Éphraïm alipopewa nafasi ya kuhubiri.

"Muzee wetu alikaza shingo miezi mine," akasema. "Tulimwomba, tulimlilia, akasema hakukunywa. Lakini mu mlango wa mauti hakuna uongo. Mbele ya mchungaji aliminya mkono wa bibi yake, akakubali: ni kweli, nilikunywa. Vijana, musikie. Chungu kimoja tu. Na munajua mwenyewe kile chungu kilitoka mu nyumba ya nani."

Watu wakageuza vichwa. Consolée alikuwa amesimama nyuma, karibu na binti yake, na mbele yake watu walisogea kidogo kidogo, mpaka wakabaki wawili tu kwenye majani.

Ndayisaba alikuwa ameshuka kutoka Bugarama na gunia la maharage kwa ajili ya msiba. Alivaa kofia yake kabla ya maombi ya mwisho, akaja kwangu. "Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi nilikaa mbele yake. Nilimuona anatema. Nikasema mu roho, huyu muzee anatuheshimu sisi, na Mungu wake anamuheshimu. Ni kwa ajili hiyo nilikunywa." Akaniangalia. "Kwa nini alikuja kusema amekunywa?"

Akaniachia maharage, akaondoka.

Wiki ile hakuna mwanamke aliyetandaza nyavu karibu na za Consolée. Asubuhi moja alikuta majivu yamemwagwa juu ya ndagala wake wote, akawaosha mmoja mmoja ziwani, na hakuna aliyewanunua. Siku ya Ijumaa mashemasi tulikutana, na tukaambiwa kwamba Jumapili Consolée atakatwa. Si kuwekwa nyuma, bali kukatwa kabisa kanisani, kwa kuwa amemwangusha mzee wa watu, na mzee mwenyewe ameshuhudia kabla ya kufa.

"Tunashukuru kwa sababu shahidi ni mama Agneta," Éphraïm akasema, akanitikisia kichwa kwa heshima.

Nilipofika nyumbani nilikuta Vestine mlangoni na unga wa uji. "Mama ametuma," akasema. "Anasema mu matanga mutu anasahau kula."

Nilipika ule uji, nikashindwa kuumeza.

Jumapili ilikuwa ya Meza. Vikombe vilikuwa vimepangwa, mimi nilivipanga. Mchungaji aliposoma jina la Consolée, nikasimama mahali pangu pa mbele. Watu walidhani naenda kuchukua sinia.

"Mchungaji," nikasema, "mume wangu hakuminya mkono wangu."

Alibaki na karatasi yake hewani.

"Mara mbili ulimuuliza, na mara mbili hakuminya. Nguvu alikuwa nazo. Nilisema ameminya kwa sababu nilitaka azikwe vizuri. Na siku ya mahari nilikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi, nikamwona akitema kwenye kitambaa. Nilijua tangu mwanzo. Mliponiuliza nilinyamaza ili niendelee kuosha hivi vikombe."

"Mama Agneta," mchungaji akasema taratibu, "kaa chini. Tutaongea."

"Consolée hana kosa. Pontiani hana kosa. Nilidanganya mimi, na alinisikia..."

"Huzuni inamusumbua mama," Éphraïm akasema kwa sauti ya kutosha kanisa zima. "Tumusaidie. Kwaya."

Na kwaya wakaimba. Waliimba wimbo ule ule waliomwimbia Pontiani makaburini, kwa ngoma. Niliendelea kusema. Nilisema alivyovuta mkono, nilisema ngumi chini ya shuka, midomo yangu ilikwenda na mimi mwenyewe sikujisikia. Watu walipiga makofi wakiangalia juu. Mchungaji Hubert alikuwa ananitazama mdomoni, kama anataka kusoma, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuimba na wengine.

Walipomaliza, karatasi ikasomwa mpaka mwisho, na Consolée akakatwa.

Alipopita kwenda nje nilimfuata mpaka barabarani. Nilimwita. Akasimama, lakini hakugeuka uso wote.

"Consolée, mwanangu, nisamehe."

"Nimekusikia, mama," akasema. "Mbele ya ngoma kuanza nilikusikia. Lakini miezi mine ulikuwa unajua hakumeza. Ulikuwa unanipitia hapa na sinia mu mukono, unajua." Akavuta kitenge chake begani. "Mimi sitakudanganya. Leo sina musamaha. Ukija, tutaupata. Mimi naenda kuanika."

Akaenda. Sikuona ubaya katika maneno yake. Yalikuwa maneno ya kwanza yenye ukweli niliyopewa na mtu wa kanisa letu tangu Alhamisi ile.

Saa nane mchana Benedicte alikuja nyumbani. Hakukaa. Alikuwa ametumwa kuchukua ufunguo wa kabati la vikombe. Nikamfungulia ufunguo kutoka kwenye kamba ya shingoni, nikampa. Alisimama akiugeuzageuza.

"Mama, usikasirike na mimi. Mimi nilitumwa tu."

"Sijakasirika."

"Wanasema ni wiki sita. Wiki sita nyuma, alafu unasimama unasema ulichanganyikiwa na matanga, kwamba muzee aliminya. Mutapewa mukono, wewe na yeye. Jina lake litabaki mu kitabu. Ukikataa watalifuta." Akashusha sauti. "Mama, ni maneno tu. Mungu anajua moyo."

"Anajua na mkono," nikasema.

"Na siku yako ikifika? Nani atakuimbia?"

Nilifikiri kidogo, kwa sababu Benedicte aliuliza kwa wema, na swali la wema halijibiwi haraka. Naogopa kufa bila kuimbiwa. Naogopa hata sasa.

"Sijui, Benedicte," nikasema. "Lakini hayo maneno sitayasema."

Alitaka kunikumbatia, nadhani, akakumbuka kanuni, akatazama barabarani kama kuna anayemwona. Kisha akanigusa kiwiko haraka, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ni ya moto, akaondoka na ufunguo.

Nilifunga mlango. Nikatandika mkeka mahali alipolala Pontiani, nikapiga magoti taratibu, goti moja kisha la pili. Sikuomba kitu. Nilimwambia Mungu habari ile kama nilivyoianza kanisani, tangu kizingiti cha chumba cha nyuma mpaka ngumi chini ya shuka, bila kuruka, pamoja na yale ambayo ngoma ziliyafunika. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyeanzisha wimbo, na nilisema mpaka mwisho.